Ubao wa Abti

Kwanza walininyang'anya kalamu. Kisha mkoba, kisha simu, na nilipobaki mikono mitupu kama mtu anayeingizwa rumande, mhifadhi wa nyaraka akatabasamu na kuniambia, "Karibu sana, Mwalimu. Hapa ni kwenu."

Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ana nani mbele yake. Hasira zangu ziko karibu. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Garissa, na wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu akivua miwani na kuiweka mezani, ni heri kila mtu ashike adabu yake. Siku ile ya kwanza katika Makusanyo Maalum niliivua miwani mara mbili kabla hata ya kufungua boksi.

Chuo chenyewe sitakitaja. Ni tawi tu la chuo kikuu, limejengwa nje kidogo ya mji kwenye mchanga mwekundu, na chumba hicho cha vitabu adimu na nyaraka za zamani ndicho chumba pekee katika maktaba nzima chenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Wanafunzi wanasomea ukumbini kwenye joto la kukaangia mayai, jasho linawadondokea daftarini. Karatasi za wafu zinapepewa. Nilimuuliza mhifadhi kama haoni haya. Akaniambia kwa upole kwamba karatasi zikipata joto hujikunja. Nikamwambia hata watoto hujikunja.

Alikuwa mtu wa bara, amehamishiwa huku miaka michache iliyopita, mpole kupita kiasi, wa kuvaa sweta humo ndani wakati nje mbuzi wanahema. Sina ubaya naye. Alikuwa anafuata aliyoambiwa, na mtu wa namna hiyo ukimkasirikia unachoka bure.

Nilikuwa nimekwenda kwa ajili ya visima. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, tasnifu yangu ilihusu visima vya zamani vya Wajir na watu waliovichimba, na nilisikia kwamba chuo kimepokea maboksi ya mtafiti mmoja mzungu aliyeishi huko kwa muda zamani, mama yangu akiwa bado msichana mdogo. Mzungu alipokufa, watoto wake hawakujua wafanye nini na mizigo yake, wakaileta. Siku ya kuipokea mbuzi walichinjwa na hotuba zikasomwa. Mambo yetu yalikuwa yamerudi nyumbani, walisema. Yalirudi kweli, yakafungiwa ndani, na sisi wenyewe tukaambiwa tuje na barua ya utambulisho.

Lakini sitadanganya, siku za kwanza nilifurahi. Nilifungua ramani zilizochorwa kwa mkono, vitabu vya safari vyenye majalada ya ngozi yaliyopasuka, daftari za hesabu ya mifugo, picha za watu na ngamia visimani. Nilikuwa naziinamia mpaka shingo inauma. Kisha taratibu hasira ikaanza kunipanda. Nyuma ya kila picha mzungu alikuwa ameandika maelezo kwa penseli, mwandiko mzuri wa mtu mwenye nafasi. Ngamia aliwaandikia umri, jinsia, na kama anakamuliwa au la. Watu aliwaandika "mwanamume", "mwanamke na mtoto", "mzee". Picha baada ya picha. Aliishi na watu hao, akanywa maziwa yao, na alichotaka kujua zaidi ni nani anakamuliwa.

Ndipo nikaagiza boksi la mwisho, la vitu visivyo karatasi, kwa udadisi tu. Mhifadhi akaniletea kwa kigari, akanivalisha glavu nyeupe, akafunua kitambaa.

Ulikuwa ubao wa chuo cha Kurani, ule tunaouita loox, ubao mrefu wa mti wenye mshikio juu, ambao watoto wetu huandikia aya kabla ya kuzihifadhi. Maandishi bado yalikuwapo, mistari ya wino wa mkaa iliyopauka lakini inayosomeka, mwandiko wa mtoto anayejitahidi mistari yake isipande mlima. Kwenye mshikio palikuwa pamechomwa chapa wanayochomewa ngamia wa ukoo wa mama yangu. Na pembe ya chini, upande wa kushoto, ilikuwa imeungua ikawa nyeusi.

Kando yake palikuwa na lebo: "Kibao cha mganga. Mwenyewe hajulikani."

Nilivua miwani. Nilivua na glavu pia, na mhifadhi akaruka kutoka kitini kwake kana kwamba nimemwaga chai.

Niseme nilichojua, maana nilikijua tangu utotoni. Mama yangu alikuwa na kaka mmoja. Kwetu mjomba huitwa abti, na huyu alikuwa abti yangu ingawa alikufa hata kabla mimi sijazaliwa, tena akiwa mtoto, kwa homa, wakati wa ukame, familia ikiwa njiani kati ya Griftu na Hadado. Mama alikuwa mdogo kwake kidogo tu. Kila alipotaka kutuchekesha alikuwa akitusimulia jinsi kaka yake alivyotumia ubao wake kuepulia sufuria motoni kwa sababu alikuwa na njaa na hakuona kitambaa karibu, ubao ukaungua pembe, na maalim akamchapa kwa ajili ya ubao na nyanya akamchapa kwa ajili ya uji uliomwagika. Mama alikuwa akicheka mpaka anajifuta macho. Kisha alikuwa ananyamaza, na sisi tukajua hadithi imeisha.

Sehemu iliyobaki ya hadithi tuliijua vilevile, ila hiyo haikuwa ya kuchekesha. Mtoto alipokufa, ubao wake ulikuwa na somo. Sasa, kwa watu wetu, ubao hauoshwi ovyo. Mtoto anaandika aya zake, anazisoma na kuzirudia mchana malishoni na jioni penye moto, na akishazishika anampelekea maalim ubao, anamkabidhi, na kuzisoma kwa moyo bila kutazama. Akikosea anasahihishwa. Akimaliza, anaomba ruhusa, na maalim anasema, "Osha." Hapo ndipo anauosha, na maji yale hayamwagwi penye kukanyagwa. Yananywewa, ni baraka, kisha ubao unaandikwa somo jipya. Abti hakupata kusoma somo lake la mwisho. Nyanya yangu hakuthubutu kuuosha ubao kwa sababu hakuna aliyesema osha. Akauhifadhi nyumbani, ukihamishwa na familia juu ya ngamia pamoja na mikeka na vibuyu.

Kisha mzungu akaja. Alikaribishwa, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Aliuona ubao, akauomba akaupige picha, akasema ataurudisha mvua zikinyesha. Nyanya alisitasita lakini mgeni hanyimwi kitu mbele ya watu. Mvua zilinyesha. Zikanyesha tena na tena mpaka nyanya akafa, na ubao ulikuwa umeshavuka bahari ukaandikiwa lebo ya uganga.

Jioni ile nilimpigia mama simu Hadado. Nilimwambia chapa, nikamwambia pembe.

"Uko na maandishi?" akauliza.

"Uko nayo, hooyo."

"Yote?"

"Yote."

Sikuwahi kumsikia mama yangu akilia kwa simu na sikumsikia siku hiyo. Alisema tu, "Basi bado yuko darasani. Watoto wote wa rika lake wamezaa, wamezeeka, na wengine wamekufa, na yeye bado ameshika ubao anangoja kusikilizwa. Nipeleke."

Nikadhani ni kazi ndogo.

Mhifadhi aliniambia kitu hakitoki, ni mali ya chuo. Sawa, nikasema, basi mama aje auone. Akaniambia chumba ni cha watafiti. Kulikuwa na aina za wasomaji, akanionyesha zimebandikwa mlangoni: mwanafunzi wa shahada ya kwanza, wa uzamili, mhadhiri, mtafiti mgeni. Nikamuuliza dada wa marehemu yuko kwenye mstari gani. Akaziangalia zile aina kama anayetumaini itaongezeka moja, kisha akasema, "Pole, Mwalimu. Labda uzungumze na mkurugenzi."

Mkurugenzi wa maktaba ndiye aliyeniwasha moto hasa, na sababu ni kwamba alikuwa wetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mtu wa makamo, amekulia kwenye chuo cha porini kama watoto wote wa rika letu, amehifadhi Kurani tangu mdogo, na usiku wa Ramadhani husalisha msikiti mmoja hapa mjini kwa sauti inayotoa watu machozi. Nilimwamkia kwa Kisomali. Akanijibu kwa Kiswahili cha ofisini.

"Walaal, dada yangu, naelewa uchungu wenu. Lakini sera ni sera."

"Ubao umeibwa."

"Umetolewa kwa hisani ya familia ya mtafiti."

"Familia yake ilitoa cha familia yangu. Hisani gani hiyo?"

Akashusha pumzi. Akasema nikirudishiwa mimi, kesho watakuja wengine. Nikamwambia waje! Akasema basi nifikirie kitu kimoja: huko Hadado ubao huo utadumu misimu mingapi kabla mchwa hawajaumaliza? Hapa utaishi miaka mia. Alilisema hilo kwa fahari ya kweli, na ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu aliamini anatutendea wema. Nilimwambia kwamba ng'ombe aliyekaushwa naye huishi miaka mia, ila hatoi maziwa. Niliondoka nikaubamiza mlango, na kusema kweli niliurudia kuubamiza kwa sababu mara ya kwanza haukulia vizuri.

Nilirudi ofisini kwake mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilikaa kwenye benchi lake nikisahihisha mitihani ya Kidato cha Tatu mpaka wageni wake wakaanza kuniomba niwaitie mkurugenzi, wakidhani mimi ni karani wake. Mwishowe, nadhani kwa kunichoka tu, akakubali: mama aje auone, saa moja, yeye mwenyewe awepo, ubao usitoke mezani.

Mama alifika kwa basi. Walisimama Modogashe kwa sala na chai, akaniambia chai ya pale imeharibika siku hizi, wanapika kama wanaogopa majani. Sikuweza kumshawishi apumzike nyumbani. Aliomba maji akatia udhu, akavaa mtandio mpya, akasema twende.

Mlangoni mhifadhi aliuchukua mkoba wake kwa mikono miwili, kwa heshima, nilimpenda kwa hilo. Kisha akatoa glavu.

"Habana," mama akasema. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia mbuzi, na kinamtosha. "Mkono yangu iko safi. Mimi nimeshika udhu."

"Mama, tafadhali. Ni kwa usalama."

"Usalama ya nani? Yule msungu alifaa glofu siku alichukua?"

Mhifadhi akamtazama mkurugenzi, akafungua mdomo kutaka kusema jambo zaidi. Mkurugenzi, aliyekuwa ameshavaa glavu zake na alionekana kuona haya mbele ya mwanamke wa umri wa mama yake, akapunga mkono: mwache. Tukaketi.

Mama aliwekewa ubao mezani na akauondoa mezani papo hapo, akauweka mapajani, mshikio juu, vile watoto wanavyokaa nao. Aliigusa ile pembe iliyoungua. Akacheka, kicheko kilekile cha hadithi, kwa sauti, ndani ya chumba kile cha kunong'ona. "Mlafi wee," akamwambia kaka yake. "Mlafi." Mimi nilikuwa nikitazama ukutani kwa sababu sikujua nitazame wapi.

Kisha akamgeukia mkurugenzi, na sasa alizungumza Kisomali.

"Mwanangu, wewe umehifadhi?"

"Ndiyo, eeddo." Alimjibu kwa Kisomali pia. Eeddo ni shangazi, ndivyo tunavyomwita mwanamke mkubwa tunayemheshimu.

"Yote?"

"Yote, alhamdulillahi."

"Basi nisikilize. Mwenye ubao hakupata nafasi."

Akampa ubao. Alimkabidhi kama mtoto anavyomkabidhi maalim, maandishi yakimwelekea yeye, mgongo wa ubao ukimwelekea mama. Mkurugenzi akaupokea na zile glavu zake nyeupe, nadhani bila kufikiri, maana angefanya nini kingine? Mama akafumba macho na kuanza.

Sikujua kwamba anazijua aya zile. Mama hakuwahi kupelekwa chuo. Lakini kaka yake alikuwa akizirudia kila jioni penye moto, na yeye alikuwa amelala pembeni akisikiliza, na alizishika zote na kuzitunza maisha yake yote bila kumwambia mtu. Alisoma kwa sauti ya mtoto. Sisemi ilifanana, nasema ilikuwa na ule mwendo wa haraka wa watoto, wa kukimbilia mwisho wa mstari kabla hujasahau.

Mahali fulani katikati akateleza. Irabu moja tu. Na mkurugenzi akamsahihisha.

Aliyekulia chuo cha porini atanielewa. Hukusudii. Ukisikia aya inakwenda kombo mdomo wako unafunguka wenyewe, hata ukiwa nusu usingizini, hata aliyekosea akiwa imamu mbele ya watu mia. Alisema neno lilivyo, kwa ukali kidogo, sauti ya maalim hasa, na mama akarudia akaendelea. Akateleza tena mbele, akasahihishwa tena, akarudia. Kisha akafika mwisho. Akafumbua macho.

"Niuoshe?" akauliza.

"Osha," akasema mkurugenzi.

Lilimtoka vivyo hivyo, kama mtu anavyojibu salamu. Nilimwona uso ukibadilika neno likiwa bado mdomoni.

"Amesema nini?" mhifadhi akaniuliza.

"Amesema aoshe."

"Aoshe nini?"

Mkurugenzi alikuwa ameinuka. "Eeddo, nisamehe, sikukusudia. Ilikuwa mazoea tu. Huu siwezi—"

"Ulinisahihisha, hukunisahihisha?"

"Nilikusahihisha," akasema.

"Basi wewe ndiye maalim wake. Kwenye dunia hii hana mwingine. Na umeshasema."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alisimama pale ameukumbatia ubao, kiyoyozi kikinguruma, na nilingoja aseme kamati, nilingoja aseme sera, nilikuwa nimeshaandaa maneno ambayo yangenifukuzisha chuoni. Hakuyasema. Alimgeukia mhifadhi akamwambia alete bakuli na jagi la maji safi kutoka chumba cha chai. Mhifadhi alimwomba arudie. Akarudia.

Hapo nami nikapatwa na kitu ambacho bado kinaniudhi. Niliinuka kwenda kuchukua simu yangu nipige picha. Yalikuwa maandishi pekee ya mkono wa abti duniani, na baada ya dakika chache yasingekuwapo, na mimi ni mwalimu wa historia. Mama akanishika mkono. Alinitazama tu kama aliyemkuta mtu wa nyumbani kwake anachungulia dirishani. Nikakaa. Nilikuwa nimewatukana wale watu kwa kutaka kuweka, na kumbe nami mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka.

Aliuosha juu ya bakuli la enameli, taratibu, kwa kiganja, kuanzia mstari wa juu. Wino wa mkaa hauna ukaidi. Ulishuka na maji mstari baada ya mstari mpaka bakuli likawa na rangi ya chai ya rangi. Alipomaliza aliupangusa ubao kwa ncha ya mtandio wake mpya, akauweka mezani, mtupu. Akalishika bakuli kwa mikono miwili. "Bismillahi," akasema, akaliinua.

"Mama, usinywe!"

Mhifadhi, yule mpole, alikuwa amelizuia bakuli kwa mkono wake, maji yakamrukia sweta. "Usinywe, tafadhali. Ina dawa."

"Dawa gani?" nikasema mimi.

Maboksi yalipowasili, akatueleza, kila kitu cha mti na cha ngozi kilipakwa dawa ya mchwa. Ile kali. Walipaka, ikakauka, wakapaka tena. Ndiyo sababu ya glavu. Kule mlangoni alitaka kumwambia mama, lakini bosi akasema amwache. Nilimtazama bosi. Alikuwa ameketi. Alijua habari ya dawa, yeye ndiye aliyeiidhinisha. Ila alikuwa amekaa miaka mingi sana bila kuona ubao ukioshwa, na lililomtoka kichwani ni jambo ambalo kila mtoto wa chuo analijua, kwamba maji yale yana mnywaji.

Sijui nilisema nini. Najua nilisema kwa lugha tatu. Najua wanafunzi walikuja kuchungulia mlangoni, na kwamba nilimwambia mkurugenzi Ramadhani ijayo atakaposimama mbele ya watu akumbuke kwamba aliyatia sumu maneno yaleyale. Hakujitetea. Ingekuwa afadhali angejitetea.

Mama hakupiga kelele. "Dawa ya nini?" alimuuliza mhifadhi kwa Kiswahili.

"Ya mchwa, mama. Ili idumu."

"Ili idumu," mama akasema. Kisha akamuuliza mkurugenzi kwa Kisomali ni wapi hapa chuoni hapakanyagwi na mtu.

Tukatoka kutafuta. Ni ajabu jinsi mahali pa namna hiyo palivyo adimu. Kila pembe ina njia, kila kivuli kina wanafunzi wawili na simu. Mama alikuwa amelibeba bakuli, hakukubali kupokewa. Tulifika mpaka nyuma kabisa, kwenye ua wa miiba. Nikasema hapa. Mama akakataa, akasema mbuzi hupita chini ya miiba na watalamba, maji haya yataua. Basi mkurugenzi wa maktaba akapiga magoti kwenye mchanga na suti yake akachimba shimo kwa mikono, na zile glavu nyeupe zikawa nyekundu. Mama akamimina. Akafukia yeye mwenyewe. Mhifadhi alileta sabuni, akamnawisha mama mikono mpaka viwiko, akirudia pole, pole, pole.

Tukaingia garini. Nikamwambia mama kwamba sasa tutaupata tu ule ubao, nitawaandikia wakubwa wao, nitakwenda kwa mwanasheria, watautoa wapende wasipende.

"Waachie," akasema. "Mwenyewe ameshatoka darasani. Wao wabaki na kipande chao cha mbao."

Tulipita sokoni, tukapita kituo cha mafuta. Alikuwa amegeukia dirishani, na ncha ya mtandio wake ilikuwa imekauka na doa jeusi.

"Lakini ningeyanywa," akasema. "Hata funda moja."

Watu husema hasira huisha. Yangu ya mlangoni iliisha, ya barua iliisha, na mkurugenzi tunaamkiana tukikutana mjini. Iliyobaki ni ya lile funda moja, na hiyo sina mpango wa kuiacha.